Lisbon na begi mgongoni: kula vizuri na kuona yaliyojificha

Mara ya kwanza nilipokwenda Lisbon niliipanga safari kwa orodha ya makumbusho. Nilitoka foleni hii nikaingia ile, njaa ikanikuta popote iliponikuta, nikaishia kula mkate baridi wa bei ya kutisha pembeni mwa sanamu. Mara ya pili niligeuza mpango: kwanza nilijua mchana nitakula wapi, ndipo nikatafuta kitu cha ajabu kilicho karibu na hapo kwa miguu. Mji ukanifungukia. Mwongozo huu nimeupanga hivyo hivyo, kwa sababu katika mji mkuu wa Ureno chakula kizuri cha bei nafuu kina saa zake, na saa hizo zikikupita ndiyo zimekupita. Magofu na makaburi yatakusubiri.

Ninayo sababu nyingine ya kuwapendekezea Waswahili Lisbon kabla ya Paris au Roma. Wareno walikuwepo pwani yetu kwa takriban miaka 200, tangu Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Walituachia maneno, na huko utakutana nayo kila kona: utakaa kwenye "mesa", utaona "bandeira" juu ya jengo la serikali, mzee wa jirani atakuwa na glasi ya "vinho", dukani watauza "parafuso" na "fronha" ya mto. Na kila "igreja" utakayoingia, yaani kanisa, ujue ndilo neno lililotuzalia gereza.

Hatua ya 1: Kabla ya kuondoka

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje wiki za mwisho. Kama unaishi nchi ya Schengen na una kibali cha ukaazi, hayo yote hayakuhusu. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya kwetu bado anahitaji viza.

Msimu mzuri ni Mei na Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na vitanda ni ghali. Usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, mitaa mizima ya Alfama na Mouraria hujaa majiko ya mkaa na sadini za kuchoma. Ukiweza kufika siku hiyo, fika, ila kitanda ukilipie miezi kadhaa mapema.

Sasa viatu. Barabara za Lisbon zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Njoo na raba zenye soli inayoshika. Begi lisizidi kilo nane, maana hosteli nyingi ziko kwenye majengo ya zamani yenye ngazi nyembamba na hayana lifti.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege hadi kitandani

Usichukue teksi. Metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo hapo uwanjani. Kwenye mashine nunua kadi ya "navegante" kwa senti 50, kila mtu yake, kisha uijaze pesa kwa utaratibu unaoitwa "zapping". Kadi hiyo hiyo utaitumia kwenye metro, basi, tramu, na hata feri ya kuvuka mto. Safari moja ya metro haifiki euro 2. Ukilipa taslimu ndani ya tramu utatozwa zaidi ya hapo. Shuka Alameda, hamia mstari wa kijani, na baada ya vituo vichache uko Martim Moniz au Rossio.

Kitanda cha deka kwenye bweni la hosteli ni kama euro 20 hadi 35 kutegemea msimu. Ongeza kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila usiku, hadi siku 7. Kuhusu mtaa, mimi hulala upande wa Intendente na Anjos. Hakuna mandhari ya kupiga picha dirishani, lakini asubuhi mikahawa inajaa mafundi, wauguzi na wanafunzi wanaoelekea kazini na shuleni, na bei zinapangwa kwa mifuko yao. Alfama inapendeza macho, ila ukifika na begi saa tano usiku utahesabu kila ngazi.

Hatua ya 3: Asubuhi, kunywa umesimama

Hili lijifunze siku ya kwanza, litakuokolea pesa nyingi kuliko jingine lolote. Tafuta mahali palipoandikwa "Pastelaria". Usikae. Nenda moja kwa moja kaunta, sema "Bom dia", kisha agiza "uma bica", kahawa fupi nzito ambayo Lisbon ndiyo wanaoiita hivyo. Anayependa ya maziwa aseme "galão", italetwa kwenye glasi ndefu. Bica ya kaunta ni kama euro 1. Kahawa hiyo hiyo mezani inaweza kupanda bei, na ukitoka nje penye viti vya barazani inapanda tena.

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri, kaunta ya bati nyuma ya Intendente. Muuzaji alikuwa akirusha visahani vitupu juu ya kaunta kimoja kimoja, kila kimoja na kijiko chake na pakiti ya sukari, kabla hata wateja hawajafungua mdomo, kwa kuwa anawajua. Pembeni yangu bibi mmoja mwenye koti la sufu alikuwa na "torrada": slesi nene za mkate zilizochomwa, zikapakwa siagi ya chumvi hadi ikaingia ndani, zikakatwa vipande virefu vitatu. Alikuwa akichovya kila kipande kwenye galão, akisubiri kidogo, ndipo anakipeleka mdomoni. Nikaagiza kama yeye. Tangu siku hiyo sijala kifungua kinywa kingine Lisbon.

Utakapokuwa umesimama hapo utaona kabati la kioo. Ndani yake mna "chamuças", na ukizitazama utacheka kwa furaha, kwani ni sambusa. Ziliingia Ureno na watu wa Goa na Msumbiji na sasa ziko kwenye pastelaria za kawaida kabisa. Uliza "De quê?" ujue zina nini ndani: "frango" ni kuku, "legumes" ni mboga, na "carne" ni nyama, ambayo haitajwi ni ya mnyama gani.

Nguruwe: soma hapa kabla hujaagiza

Waislamu, na yeyote asiyekula kitimoto, hili ni muhimu. Nguruwe amejificha sehemu nyingi katika chakula cha Kireno. "Bifana", mkate maarufu wa mitaani, ni nguruwe. "Tosta mista" ina nyama ya paja la nguruwe. "Caldo verde" ni supu tamu ya viazi na majani yanayofanana sana na sukuma wiki, yamekatwa nyembamba kama nyuzi, lakini juu huelea kipande cha soseji ya "chouriço". Tamtam nyingine za zamani za masista hutiwa mafuta ya nguruwe yanayoitwa "banha". Sema "sem porco" na urudie. Badala ya bifana agiza "prego", ambao ni mkate wa nyama ya ng'ombe na kitunguu saumu. Kwa anayetaka nyama ya halali, Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, na maduka ya Wabangladeshi na Wapakistani yamejipanga kuzunguka Martim Moniz.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, samaki ndio jibu, na hapa Wareno hawana mpinzani.

Hatua ya 4: Mchana, sahani ya siku

Kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana ndiyo saa ya dhahabu. Tafuta "tasca", yaani mgahawa mdogo wa familia. Dalili zake: karatasi iliyoandikwa kwa mkono imebandikwa dirishani, meza zimetandikwa karatasi nyeupe, runinga iko juu ukutani, na wateja ni watu wa kazi. Agiza "prato do dia", sahani ya siku, kati ya euro 8 na 12, mara nyingi pamoja na kinywaji na kahawa. Ukiona "meia dose", yaani nusu sahani, jua inamtosha mtu mmoja na njaa yake.

Anza na "bacalhau". Ni samaki wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa, na mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: ni ng'onda. Humloweka kwenye maji siku nzima au zaidi, wakibadilisha maji, sawasawa na bibi zetu walivyofanya kwa papa mkavu. "Bacalhau à Brás" humchambua nyuzi nyuzi, akachanganywa na viazi vilivyokatwa kama njiti za kiberiti na mayai yaliyoivia nusu, juu zeituni nyeusi. "Pataniscas" ni vipande vyake vilivyochovywa kwenye uji wa unga na mayai vikakaangwa, huliwa na wali wa maharage wenye mchuzi. Kisha yuko pweza, "polvo à lagareiro", anayechomwa na viazi vilivyopondwa kidogo kwa ngumi, vikamwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Mimi nimekulia kwenye pweza wa nazi na sikutarajia kumsifu pweza wa mtu mwingine. Huyu nilimsifu.

Tahadhari moja. Kabla ya chakula watakuletea mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini, bila wewe kuagiza. Inaitwa "couvert" na si zawadi. Safari ya kwanza nilikula vyote kwa moyo mweupe, nikakuta vimeongeza karibu euro 6 kwenye bili. Sheria ya Ureno iko upande wako: usichokiagiza wala kukigusa hulipi. Hutaki, sema "Não, obrigado" kama ni mwanaume, "obrigada" kama ni mwanamke, nao wataondoa bila kununa. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo jaza chupa yako hosteli.

Bili huombwa: "A conta, se faz favor." Tasca nyingine hazipokei kadi za kigeni. Toa pesa kwenye mashine za benki zenye alama ya Multibanco, uepuke zile zilizosimama peke yake kwenye mitaa ya watalii, kwani makato yake ni makubwa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, chini ya ardhi na ndani ya moto

Baada ya mlo, eneo la Baixa, katikati ya mji, ni tambarare na lina mambo ambayo wengi huyapita. Anzia Rua dos Correeiros. Chini ya jengo la benki kuna magofu yaliyoibuliwa miaka ya 1990: mabirika ya mawe ambamo Warumi walikuwa wakitia samaki chumvi na kutengeneza mchuzi wa samaki uliosafirishwa mbali. Umetoka kula ng'onda, na hapa unaona kwamba kazi hiyo mji umeifanya kwa takriban miaka elfu mbili. Kuingia ni bure, ila unaongozwa kwa kikundi na lazima ujiandikishe mapema. Muongozaji atakuonyesha pia nguzo za msonobari zilizopigwa ardhini mtaa ulipojengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755.

Mtaa wa pili yake, Rua da Prata, una mahandaki ya Kirumi yaliyogunduliwa mwaka 1771, ambayo muda mwingi hujaa maji. Yanapofunguliwa, kwa kawaida siku chache za Aprili na Septemba, hupigwa pampu kwanza na watu hushuka kupitia tundu lililo katikati ya barabara. Tiketi huisha upesi mno.

Sasa nenda kanisa la São Domingos, hatua chache kutoka Rossio. Hapa naomba usipite haraka. Moto uliliteketeza mwaka 1959, na lilipofunguliwa tena mwaka 1994 waliamua kutoficha kitu. Nguzo zimechubuka na kumeguka kama mti uliopigwa radi, kuta zina makovu, na dari imepakwa rangi ya chungwa iliyoiva. Nilipoingia niliweka kiganja kwenye nguzo mojawapo. Mawe ni baridi, na mahali palipopasuka kwa joto pana kingo kali hadi leo. Nje, uwanjani, kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa katika mauaji yaliyoanzia hapa mwezi Aprili 1506. Na kuzunguka jiwe hilo, kila alasiri, hukusanyika Waafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, wakiongea, wakiuza kola na karanga. Karne nyingi nyuma, watu weusi wa Lisbon, watumwa na walio huru, walikuwa na chama chao cha ibada ndani ya kanisa hilo hilo. Salimia, nunua karanga, kaa.

Pembeni kuna kibanda cha A Ginjinha, kinachouza kileo cha matunda ya cheri chachu tangu 1840. Anayekunywa atanyweshwa kikombe kidogo akiwa amesimama barabarani.

Vuka hadi Praça da Figueira namba 7. Hapo ndipo ilipo Hospital de Bonecas, hospitali ya wanasesere, inayofanya kazi tangu 1830. Droo zimejaa mikono, miguu, macho ya kioo, na juu kuna chumba cha wagonjwa. Watoto hulia wakiiona, wengine hufurahi. Mimi nilikaa saa nzima.

Ukibakiwa na nguvu, panda Carmo. Kanisa hili liliporomokewa na paa siku ile ya tetemeko, nalo limeachwa hivyo, matao yakiwa wazi juu ya nyasi. Makumbusho yake madogo yana maiti mbili zilizokaushwa kutoka Peru. Lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902 iko hapo chini, lakini foleni yake ilijulikana kwa kula nusu siku. Panda kwa miguu, uende baraza la nyuma ya Carmo, upate mandhari ile ile bure. Lifti na treni za kupanda vilima usizitegemee katika mipango yako: ile ya Glória iliacha njia Septemba 2025 na watu 16 wakafariki.

Hatua ya 6: Jioni, Mouraria

Chakula cha jioni huanza saa mbili hivi. Panda mitaa ya Mouraria, mahali walipowekwa Waislamu baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147. Jina lenyewe ndilo linalosema hivyo. Siku hizi ni mtaa wa Wabangladeshi, Wachina, Wahindi na Waafrika. Kwenye ngazi za Rua de São Lourenço kuna Cantinho do Aziz, mgahawa wa vyakula vya Msumbiji. Agiza "matapa". Ni kisamvu, kimetwangwa, kikapikwa kwa karanga na nazi. Nilipokionja mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, maana nilikuwa mbali na nyumbani kwa miezi mitano. Mezani wataweka "piri-piri", neno lililotoka kwenye lugha za Kibantu za huku kwetu, nawe utalitambua bila mkalimani.

Siku nyingine jioni tafuta "cachupa" ya Cape Verde: mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa saa nyingi. Mtanzania ataiita makande, Mkenya ataiita githeri. Uliza kama ina nguruwe, kwani mara nyingi huwa nayo.

Ukitaka kusikia fado, nyimbo za majonzi za Lisbon, nenda kwenye vijiwe vya "fado vadio", ambako wenyeji wenyewe huinuka na kuimba. Katika taarab tunainuka kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo. Kwenye fado taa hupunguzwa, na hata kijiko hakigongi kikombe hadi wimbo uishe.

Hatua ya 7: Siku ya pili, makaburi na mfereji wa angani

Tramu namba 28 kila mtalii anaitaka, na wote hupandia Martim Moniz. Wewe nenda mwisho wake wa upande wa pili, Prazeres, asubuhi mapema. Utapata kiti cha dirishani. Lakini kabla ya kupanda, geuka uone kilicho mbele ya kituo: Cemitério dos Prazeres, makaburi ambayo jina lake maana yake ni Starehe. Yalifunguliwa mwaka 1833 baada ya kipindupindu. Ni mji kamili wa nyumba ndogo za mawe zenye milango, namba na mapazia ya lesi, na kupitia vioo unaona majeneza kwenye rafu. Miberoshi imesimama kimya na daraja jekundu la mto Tejo linaonekana kwa mbali. Nguo za heshima, sauti ya chini. Watu bado wanazika hapo.

Mchana kula hapo hapo jirani, mtaa wa Campo de Ourique. Soko lake ni dogo na si la fujo kama lile soko la vyakula la Cais do Sodré, ambalo mimi naliona ghali kwa kinachopatikana.

Kutoka hapo tembea hadi Aqueduto das Águas Livres, mfereji wa mawe uliofikisha maji mjini mwaka 1748. Juu ya bonde la Alcântara una matao 35, refu kuliko yote likiwa na mita 65, na tetemeko la 1755 halikuuangusha. Kwa ada ndogo unatembea juu yake, huku na huku ukuta wa kiunoni, magari chini kama siafu. Husimuliwa kwamba Diogo Alves alikuwa akiwaibia watu hapa na kuwasukuma chini. Alinyongwa mwaka 1841, na kichwa chake kimehifadhiwa kwenye chupa katika Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu cha Lisbon. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hii isiwe Jumatatu.

Kwenye tramu begi livae mbele. Vibaka wa namba 28 hawapumziki.

Hatua ya 8: Jumanne au Jumamosi

Siku hizo mbili tu, uwanja wa Campo de Santa Clara huwa na Feira da Ladra, soko la vitu vilivyotumika. Vigae vya zamani vya buluu visikushawishi, kwani wizi wa vigae kutoka kwenye kuta za nyumba ni tatizo kubwa. Nunua vipya dukani.

Jengo jeupe la kuba lililo pembeni ndilo Panteão Nacional, kanisa la Santa Engrácia lililogeuzwa kuwa makaburi ya watu mashuhuri wa taifa. Lilianza kujengwa mwaka 1682 likamalizika 1966, hata Wareno kazi isiyokwisha huiita kazi ya Santa Engrácia. Ingia ukamwone Eusébio, mwanasoka. Alizaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, Maputo ya leo, akafunga mabao 9 kwenye Kombe la Dunia la 1966, na tangu 2015 amelala humo pamoja na marais na waandishi. Nilikuta maua mabichi.

Hatua ya 9: Belém, mapema

Belém ni mtaa wa kando ya mto, magharibi mwa mji: chukua tramu ya 15E au treni kutoka Cais do Sodré. Kuwa pale kabla ya saa nne asubuhi. Pastéis de Belém wameuza vitobosha vya kastadi tangu 1837, kwa mapishi yaliyotoka kwenye monasteri ya Jerónimos baada ya serikali kuvunja nyumba za watawa mwaka 1834. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Wewe pita ndani kabisa, kuna vyumba vingi vya vigae vya buluu na mara nyingi meza ipo. Kula vikiwa vya moto, nyunyiza mdalasini mwingi. Unga wa tabaka tabaka unapasuka kwanza kwa sauti, ndipo kastadi inakufikia ulimi, na kwenye madoa meusi ya juu kuna uchungu kidogo unaokata sukari.

Kisha vuka hadi kanisa la Jerónimos. Kushoto unapoingia amelala Vasco da Gama, kwa jiwe, mikono imeunganishwa kusali. Nilisimama hapo nikifikiria nguzo yake ya Malindi, iliyo mbele ya bahari yetu, na jinsi mtu mmoja alivyo na makumbusho mawili yasiyosema jambo moja. Nyuma ya barabara kuna Jardim Botânico Tropical, bustani tulivu yenye tausi. Katikati ya miti kuna sanamu za vichwa vya Waafrika na Waasia, mabaki ya maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1940. Hazina majina.

Hatua ya 10: Kuvuka mto

Jioni ya mwisho nenda Cais do Sodré, gusisha ile kadi yako, upande feri ya Cacilhas. Ni kama dakika 10 na hugharimu kidogo kuliko kahawa mbili. Wenyeji wanarudi kutoka kazini, wamechoka, mifuko ya sokoni magotini. Atakayekumbuka Kigamboni au Likoni atakuwa nyumbani kabisa. Kaa upande wa kulia wakati wa kurudi, Lisbon yote inajitokeza kwa taa, kilima kwa kilima.

Kwa zawadi, sadini za kopo za Conserveira de Lisboa, Rua dos Bacalhoeiros, duka lililopo tangu 1930. Watakufungia kila kopo kwa karatasi na uzi. Ziweke kwenye begi la kwenda chini ya ndege, kwani mafuta ndani ya makopo yanaweza kukuletea maswali kwenye ukaguzi, na uzifunge katikati ya nguo zisigongane.